Wawili, ndege tano: kupanga safari ndefu ya Asia ukianzia Dodoma

Ukishakaa kitini na mkanda umefungwa, anayehangaika ni rubani. Safari ya vituo vingi huharibikia chini: kwenye dirisha la uhamiaji, kwenye mkanda wa mizigo, kwenye kaunta ambako tiketi ya kwanza imeisha na ya pili haijaanza. Mkiwa wawili, kila mahali hapo kuna watu wawili wa kukwama, na akikwama mmoja mwingine naye hasogei.

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaotoka Dodoma. Wawe mke na mume, marafiki wa chuo, wabia wenye duka Majengo, au watumishi wawili wa Mji wa Serikali, Mtumba, waliobahatika likizo zao kuangukia mwezi mmoja. Kwa mfano nitatumia mzunguko huu: Dar es Salaam, Mumbai, Bangkok, Kuala Lumpur, Guangzhou, kisha kurudi Dar. Sikuuchagua kwa uzuri wa picha. Air Tanzania hufika Mumbai na Guangzhou, kwa hiyo unaweza kwenda kwa mlango mmoja na kurudi kwa mwingine bila kupita njia ileile mara mbili, na vipande vya katikati vina mashirika mengi ya bei nafuu. Ukitaka kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Kubalianeni namna ya kuachana

Watu huanza na tiketi. Anzeni na maswali ambayo hakuna anayependa kuyauliza.

Viza ya mmoja ikikataliwa, mwingine anaenda au safari inakufa? Mmoja akiitwa pembeni na maofisa wa uhamiaji huku ndege ya kuunganisha inapakia, mwingine anapanda au anabaki? Mmoja akiugua Bangkok, nani anabeba gharama za kubadilisha tiketi ya yule mzima? Mnaonunua bidhaa, mzigo ukipotea ni hasara ya nani?

Mke na mume watajibu tofauti na wabia wa biashara, na ndivyo inavyotakiwa. Cha msingi jibu liwepo kabla, liandikwe hata kwa ujumbe wa WhatsApp ambao wote mnao. Penye geti la kupandia ndege, saa tisa usiku, hakuna anayefikiri vizuri. Kila mmoja anangoja mwenzake aamue, na geti linafungwa. Wabia wa biashara ningewashauri hivi: mwenye pasipoti na pasi ya kupandia ndege mkononi apande, akamngoje mwenzake mjini. Wote wawili kuachwa na ndege ni hasara mara mbili isiyomsaidia yule aliyezuiwa.

Na jambo dogo lenye uzito: kila mtu ashike pasipoti yake mwenyewe, muda wote. Ile tabia ya mmoja kuwa mtunza nyaraka wa familia iishie nyumbani.

Hatua ya 2: Tazameni kalenda tatu

Ya kwanza ni ya hapa hapa. Bunge la bajeti linapokaa, kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, ndege na treni za Ijumaa jioni kutoka Dodoma na za Jumapili kurudi hujaa wabunge, maofisa na wote wanaowafuata. Kama safari yenu inaanza kipindi hicho, tiketi ya Dodoma–Dar ikatwe mapema kama ya ng'ambo, au muondoke katikati ya wiki.

Ya pili ni ya China. Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou tangu 1957, huwa mara mbili kwa mwaka: masika ya huko kuanzia Aprili na tena Oktoba. Kama mnayaendea, wekeni hoteli mapema sana. Kama hamyaendei, yakwepeni, maana vyumba hupanda bei. Mwaka Mpya wa Kichina, mwezi Januari au Februari, viwanda na maduka ya jumla hufungwa na nchi nzima iko safarini. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa.

Ya tatu ni ya mvua: Mumbai kati ya Juni na Septemba hunyeshewa kiasi cha kuchelewesha ndege, kwa hiyo miezi hiyo msiache muda mfupi wa kuunganisha pale.

Watumishi wa umma: kibali cha kusafiri nje ya nchi kiombwe kabla ya kulipia chochote.

Hatua ya 3: Pasipoti, viza na kadi ya manjano

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Januari 2018, inaombwa mtandaoni kwa Idara ya Uhamiaji, na ada yake ni shilingi 150,000. Mkiwa Dodoma hamna sababu ya kwenda Dar kwa ajili hiyo. Hakikisheni itabaki na uhai wa zaidi ya miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, si ya kuondoka, na kwamba ina kurasa tupu za kutosha.

Kwa mzunguko wetu, mambo yako hivi. Malaysia haimdai Mtanzania viza kwa matembezi mafupi. India inatoa viza ya kielektroniki, na Mumbai ni kati ya viwanja vinavyoipokea. Thailand inataka viza, nayo sasa inaombwa mtandaoni. China inataka viza ya kugongwa kwenye pasipoti, na pasipoti itakaa ubalozini Dar kwa siku kadhaa. Kwa hiyo shughulikieni China kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoondoka na kitabu. Za mtandaoni zinataka nakala tu. Angalieni pia tarehe ya mwisho ya kuingia iliyoandikwa kwenye viza ya China, kwa kuwa mtafika huko mwishoni mwa mzunguko. Kanuni hizi hubadilishwa, kwa hiyo zithibitisheni kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika, ile rasmi, maana kuna tovuti nyingi za madalali zinazofanana nayo na kutoza mara mbili.

Kila mmoja awe na faili lake: viza zake, uthibitisho wa hoteli wenye jina lake, tiketi ya kutoka nchi ile. Hoteli ikiandikwa jina la mmoja tu, mwingine ataulizwa analala wapi, naye atabaki kunyoosha kidole kwenye foleni nyingine. Waambieni hoteli waandike majina yote mawili.

Chanjo ya homa ya manjano: Thailand imeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake lazima waonyeshe cheti. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 ni ya maisha, kwa hiyo kama mlichanjwa zamani kadi ile ile inatosha. Itunzeni ndani ya pasipoti.

Halafu kuna fomu za kuwasili za mtandaoni. Malaysia ilianza kudai yake Januari 2024, Thailand Mei 2025, na zote hujazwa ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Maana yake hamtaweza kuzimaliza mkiwa Dodoma; mtazijaza njiani, kwenye intaneti ya hoteli. Ni bure. Anayekudai dola kwa fomu hiyo ni tapeli.

Hatua ya 4: Tiketi, na hapa msiharakishe

Kuna aina mbili za safari zinazofanana kwenye skrini. Ya kwanza, vipande vyote viko kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa na mkaachwa na ya pili, shirika lina wajibu wa kuwatafutia nyingine, na mara nyingi begi hupitishwa hadi mwisho. Ya pili, kila kipande kina tiketi yake, pengine kutoka mashirika matatu. Ni rahisi zaidi kwa bei. Lakini ikichelewa ndege ya kwanza, shirika la pili halina habari na nyie: mmeachwa, tiketi imekufa, mnunue nyingine. Tena, kwenye tiketi tofauti kwa kawaida mtatoka nje, mpite uhamiaji, mchukue mabegi na kuyakabidhi upya, na kutoka nje kunataka viza. Mtu anaweza kununua tiketi nzuri kabisa inayounganisha kwenye nchi ambayo hana ruhusa ya kuingia.

Ushauri wangu kwa mzunguko huu: tiketi ya Air Tanzania ya Dar–Mumbai na Guangzhou–Dar muikate kwa pamoja kama tiketi moja, wakala anajua kuifanya. Vipande vitatu vya katikati kateni kivyake, na kila kimoja kiwe na angalau usiku mmoja wa kulala mjini kabla ya kinachofuata. Usiku huo ndio bima yenu. Gharama ya chumba Bangkok ni ndogo kuliko tiketi mpya mbili za kununua siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi: kwenye tiketi moja yenye vipande kadhaa, ukiacha kupanda kipande kimoja bila kuwaambia, vinavyofuata hufutwa. Yaani mkikosa Dar–Mumbai na kuamua kwenda kwa shirika lingine, msidhani Guangzhou–Dar inawangoja. Pigeni simu kabla ndege haijaondoka.

Bukingi, yaani namba ya kuhifadhia nafasi zenu, iwe moja au mbili? Kwenye bukingi moja mtakaa pamoja, na ndege ikifutwa mtahamishwa pamoja. Kwenye mbili, kila mmoja ana uhuru wake. Mimi naipendelea moja, kwa sharti la kujua kwamba inaweza kugawanywa: mmoja akipata dharura, mwambieni wakala aitenganishe bukingi kwanza, ndipo abadilishe tarehe ya mmoja. Asipoitenganisha, mabadiliko ya mmoja yanaweza kumvuta na mwingine.

Majina sasa. Jina kwenye tiketi lifanane na pasipoti herufi kwa herufi. Sisi tuna majina matatu na wakala ana haraka. Atakuandika jina lako na la babu, amruke baba. Dada aliyeolewa anayejulikana kazini kwa jina la mume, huku pasipoti ina la baba yake, aseme mapema. Kurekebisha herufi siku ya kununua ni simu moja. Kurekebisha siku ya safari kunaweza kuwa tiketi mpya.

Mwisho, soma herufi tatu za kiwanja, usisome jina la mji tu. Bangkok ina viwanja viwili: BKK ni Suvarnabhumi, DMK ni Don Mueang, na kati yao kuna mji mzima wenye foleni zinazoweza kuifanya ya Ubungo ionekane ya Jumapili. Mashirika ya bei nafuu kama AirAsia hutumia Don Mueang. Mnaweza kufika kwa moja na kuondoka kwa kingine. Si kosa, mradi mnajua. Kuala Lumpur ni kiwanja kimoja, KUL, chenye majengo mawili yaliyoachana. AirAsia iko jengo la 2, na treni ya kati yao huchukua dakika chache. Mumbai ni BOM. Guangzhou ni CAN, na haina uhusiano wowote na Canada.

Hatua ya 5: Saa

Hapa ndipo Waswahili tunapoachwa na ndege hali tumefika kiwanjani na mabegi yetu.

Tiketi huandika saa 24 za mahali ndege ilipo. Ikisema Jumanne 00:40, hiyo ni saa sita na dakika 40 usiku wa kuamkia Jumanne. Mnatakiwa kuwa kiwanjani Jumatatu, saa tatu na nusu usiku. Anayesoma «Jumanne usiku» atafika ndege ikiwa imetimiza karibu siku nzima tangu iondoke. Mkikumbushana kwa simu, tumieni maneno hayo hayo: usiku wa kuamkia. Hayana utata. Na mmoja wenu aandike ratiba nzima upya kwa mkono, kwa saa zetu, tarehe na siku, kisha mwingine aikague na tiketi. Macho mawili tofauti. Anayeandika asijikague mwenyewe.

Ikiwa pembeni ya saa ya kufika kuna +1, mtafika kesho yake, na hoteli iwekwe kwa tarehe hiyo. Lakini kama mnafika saa nane usiku, wekeni hoteli kuanzia usiku uliotangulia, la sivyo mtakaa mapokezi hadi mchana chumba kifunguliwe.

Tofauti za saa: Mumbai iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, ndiyo, na nusu. Bangkok saa nne. Kuala Lumpur na Guangzhou saa tano. Muda wa kusubiri kati ya ndege mbili unahesabiwa kwa saa za pale pale mlipo, kwa hiyo msijumlishe wala kutoa chochote. Kama mmetua 10:00 na mnaondoka 14:00, mna saa nne, basi. Simu zitajirekebisha zenyewe. Mmoja abaki na saa ya mkononi yenye majira ya Dodoma, itawafaa kwa mawili: dawa za kila siku, hasa za presha na sukari, na kujua kama watu wa nyumbani wameamka.

Kuelekea mashariki usingizi hukataa. Ni kawaida, utatulia baada ya siku chache. Msipange kukagua bidhaa kiwandani asubuhi ya kwanza.

Hatua ya 6: Mizigo

Begi la chini lifuate kipande kibahili kuliko vyote. Air Tanzania inaweza kuwapa kilo nyingi, lakini AirAsia huhesabu kilo 7 za mkononi, na begi la chini hulipiwa kando. Kulilipia mtandaoni ni nafuu kuliko kaunta. Pimeni na mzani wa nyumbani.

Changanyeni nguo: theluthi ya nguo zako ikae kwenye begi la mwenzio na zake kwako. Begi moja likichelewa Mumbai, hakuna atakayevaa shati moja siku tatu. Ila dawa, nyaraka na fedha havichanganywi, vinabaki mkononi mwa mwenyewe.

Begi likishapokelewa kaunta, usigeuke kwanza. Soma lebo iliyofungwa kwenye mpini: herufi tatu kubwa ndiko begi linakokwenda. Kama nyie mnaishia BOM na lebo inasema BKK, sema sasa hivi, huyo dada wa kaunta ataibadilisha kwa sekunde. Piga picha kile kipande cha lebo mnachopewa, na pigia begi lenyewe picha likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Pawabenki haziruhusiwi begi la chini, popote. Mkononi zinakubalika hadi saa-wati 100, sawa na takriban mAh 27,000, na uwezo uwe umeandikwa juu yake usomeke. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua Korea Kusini Januari 2025, mashirika kadhaa ya Asia yamezuia hata kuzitumia mkiwa angani. China, tangu Juni 28, 2025, haipokei kwenye ndege za ndani pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China. Kama mnaongeza Guangzhou–Yiwu, kule kwenye masoko ya jumla, ile ya Kariakoo itabaki kwenye kapu la ukaguzi.

Vyakula: ubuyu na karanga kidogo za kutafuna njiani havina shida ndani ya ndege, lakini nyama kavu, samaki wakavu, mbegu na matunda mabichi havivuki mipaka mingi. Zabibu za Dodoma zinaliwa Dar. Dawa zenye kodeini au tramadoli zisibebwe bila barua ya daktari, na ukipitia Dubai usizibebe kabisa kabla ya kupata kibali chao. Bangi mtaiona ikiuzwa mchana kweupe Bangkok. Kituo kinachofuata ni Malaysia, na sheria yake ya dawa za kulevya haina utani; kagueni mifuko yenu kabla ya kuondoka hotelini, na msikubali kumbebea mtu kifurushi, hata Mtanzania mwenzenu, hata kama anamfahamu shangazi yako.

Hatua ya 7: Fedha na simu

Kila mmoja awe na kadi yake ya benki na dola zake, noti mpya, zisizo na mikunjo wala maandishi. Mtu akitoka nchini na dola 10,000 au zaidi anatakiwa kuzitangaza forodha. Ijulisheni benki nchi zote nne mtakazopita.

Kinachowakwamisha watu ni namba ya siri. Ukilipa mtandaoni kwa kadi, benki hutuma tarakimu kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Ukiitoa laini hiyo uweke ya Thailand, ujumbe hauji na hoteli haijalipwa. Iacheni laini ya Tanzania iwe hewani kwa ajili ya ujumbe tu, data ikiwa imezimwa, na intaneti mpate kwa eSIM (laini isiyo na kadi ya kuchomeka) au laini ya huko kwenye nafasi ya pili.

Matumizi ya pamoja yawe na kibubu kimoja: kila mmoja aweke kiasi sawa mwanzoni mwa kila nchi, mmoja ashike, jioni kiandikwe kilichotoka. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki nao huenda nayo. Chai na maji msigombanie. Teksi, chumba, kilo za ziada za begi: hivyo viandikwe.

Guangzhou ina lake. WhatsApp na Google havifanyi kazi kwenye intaneti ya kule. Ukitumia laini ya nje, kwa kawaida hupita, lakini intaneti ya hoteli haitawapa. Kabla ya kuondoka Kuala Lumpur, wekeni programu za malipo za Alipay na WeChat, zote mbili, kwenye simu zenu na kuunganisha kadi, kwa sababu huko hata mchuuzi wa machungwa anapokea malipo kwa simu. Na kubalianeni mtawasilianaje mkipoteana sokoni: WeChat, au mahali pa kukutania na saa yake. Hilo la mahali na saa halihitaji chaji.

Hatua ya 8: Dodoma hadi Dar

Tangu Julai 2024 treni ya SGR imefupisha njia hii: ile ya haraka hutumia saa tatu na kitu, wakati basi kwa kilomita zaidi ya 400 ni siku nzima. Ndege ya Dodoma–Dar ni kama saa moja. Chochote mtakachochagua, fikeni Dar siku moja kabla. Treni ikisimama Morogoro kwa hitilafu, shirika la ndege halitawaonea huruma. Kama mna ndugu Dar, ndio wakati wa kuwasalimia. Ndege za kimataifa huondoka jengo la 3 la Julius Nyerere. Za ndani hutumia jengo la 2, na kati yake ni mwendo wa gari.

Hatua ya 9: Kwenye kila kituo

Mumbai. Wakati wa kuondoka, mlangoni mwa jengo la abiria kuna askari mwenye silaha anayekagua pasipoti na tiketi kabla hujaingia ndani. Asiye na tiketi haingii. Kama tiketi zote mbili ziko kwenye simu ya mwenzio naye amekwenda kubadili fedha, utabaki nje na mabegi. Kila mmoja awe na nakala ya karatasi.

Bangkok. Mkitua, msikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuteni kwanza dawati la afya lenye maandishi «Health Control», onyesheni kadi ya manjano, mgongewe mhuri. Wasiojua husimama saa nzima kwenye foleni, wakafika dirishani na kurudishwa nyuma kuanza upya.

Kuala Lumpur ndio kituo chepesi kuliko vyote, na kwa mzunguko huu ndio mahali pa kupumzika, kufua na kupanga mabegi upya. Chakula cha halali kipo kila kona. Ubalozi wetu upo pia, kama ulivyo New Delhi na Beijing; Guangzhou kuna ubalozi mdogo. Namba zao ziwe kwenye simu zote mbili.

Guangzhou. Chukueni anwani ya hoteli iliyoandikwa Kichina kwenye karatasi. Dereva wa teksi hatasoma herufi zetu. Hoteli huwaandikisha polisi yenyewe. Mkifikia kwa Mtanzania mwenye nyumba yake, ni juu yenu kwenda kujiandikisha polisi ndani ya saa 24.

Dirishani, kila mmoja apite peke yake isipokuwa mkiwa familia na ofisa amewaita pamoja. Jibuni maswali kwa ufupi na kwa ukweli uleule: mnakwenda wapi, siku ngapi, mnalala wapi. Majibu mawili tofauti ya watu wanaodai kusafiri pamoja ndiyo huzaa swali la tatu. Aliyetangulia amngoje mwenzake baada ya madirisha, kabla ya mabegi, pale anapoweza kuonekana. Na kwenye kusubiri kurefu mlale kwa zamu, mmoja akiwa na mabegi miguuni na kengele ya simu imewekwa.

Hatua ya 10: Kurudi

Msikate treni ya siku ileile mnayotua Dar. Baada ya safari ya usiku kutoka Guangzhou kuna foleni ya uhamiaji, mkanda wa mizigo, na forodha.

Hiyo forodha ipangieni tangu mkiwa sokoni. Risiti ziandikwe kwa jina la mwenye bidhaa, na bidhaa zikae kwenye mabegi ya mwenyewe. Wabia wakichanganya vitenge, vipodozi na vipuri vya simu kwenye mabegi manne, ofisa wa TRA akamwita mmoja, huyo ataeleza vitu asivyovijua bei huku mwenye risiti ameshatoka nje kutafuta teksi. Zawadi za nyumbani ziwe begi lake, biashara begi lake, na mwenye risiti asitoke mlangoni kabla begi la mwisho halijapita.